Mwacha Asili na Mnyang'anywa Asili

Methali husema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na nyingine yasema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kauli hizi mbili zimezoeleka mno hata watu huzitamka bila ya kuzipima. Ndani yake mna hukumu kali: kwamba mtu asiyeijua asili yake, au asiyetaka kuijua, amejiuza mwenyewe wala hana wa kumlaumu. Lakini atakayeyachungua mambo ya karne ya 19 katika Afrika ya Mashariki ataona kuwa methali zimeligeuza jambo juu chini. Mtumwa hakuwa mtu aliyeiacha asili yake. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa asili yake, akatengwa nayo kwa kamba au kwa mnyororo, akaitwa kwa jina asilopewa na mama yake. Methali inamlaumu majeruhi kwa jeraha alilotiwa na mwingine.

Kosa hili la lugha si dogo kwa mtu anayeshika kalamu na kuanza kuitafuta nasaba ya wazee wake. Kazi hiyo ina heshima, kwa sababu humwondolea mtu kiburi cha kudhani kwamba dunia ilianza siku aliyozaliwa yeye. Walakini, katika nchi ambayo njia za misafara zilipita katikati yake, mtafutaji hawezi kwenda mbali asikutane na mlango uliofungwa: nyanya ambaye kwao hakutajwi, babu ambaye ukoo wake unaanza kwake mwenyewe, jina linalorukwa kila masimulizi yanapolifikia. Hapo swali la historia hugeuka kuwa swali la maadili. Je, kila mlango uliofungwa una haki ya kufunguliwa? Na kama una haki hiyo, mwenye ufunguo ni nani?

Uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, hasa nchi ya Ugogo iliyouzunguka mji wa Dodoma, ni mahali pafaapo sana kulipimia swali hili. Ni nchi kame. Mvua yake ya mwaka aghalabu haifiki milimita 600, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haukuwa na budi kuvuka nyika ya Marenga Makali ili kuingia Ugogo, na ulipokwisha kuipita Ugogo uliingia katika nyika nyingine, Mgunda Mkali. Nchi iliyo kati ya nyika mbili ilikuwa na kitu ambacho kila msafiri alikihitaji, nacho ni maji ya visima na nafaka ya maghala. Kwa hiyo watemi wa Ugogo walitoza hongo. Richard Burton na John Speke waliilipa mwaka 1857, na Henry Morton Stanley akailipa mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta David Livingstone. Wafanya biashara wa pwani na Wanyamwezi waliilipa mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, ingawa majina yao hayakuandikwa katika vitabu.

Misafara hiyo haikupitisha pembe za ndovu peke yake. Ilipitisha watu pia. Wapo waliopita wakiwa wapagazi wa ujira, na wapo waliopita wakiwa mali. Wapo waliougua wakaachwa njiani, wapo waliotoroka usiku, na wapo waliobadilishwa kwa kitu kingine kabla ya kufika pwani. Mtu mmoja aliyeijua njia hiyo kuliko karibu wote alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akapata uhuru na kurudi Unguja. Alipita katika uwanda wa kati pamoja na Burton na Speke, kisha pamoja na Speke na Grant katika safari iliyoanza mwaka 1860, kisha pamoja na Stanley mwaka 1871, na tena pamoja na Cameron mwaka 1873. Jina alilojulikana nalo duniani ni jina la mji wa Bara Hindi, nchi alikoishi utumwani. Ikiwa mtu mashuhuri kama huyo alibaki na jina la mji wa nchi ya utumwa wake, itakuwaje kwa binti asiye na sifa aliyeachwa mgonjwa chini ya mbuyu na msafara uliokuwa ukikimbilia maji?

Jibu la Ugogo kwa swali hilo ndilo linaloifanya nchi hiyo iwe mfano mwema. Wagogo hawakuwa watu wa chimbuko moja. Peter Rigby, aliyechapisha mwaka 1969 kitabu kikubwa juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo, alionyesha kwamba koo zao nyingi husimulia kuwa zilitoka nje: nyingine Uhehe, nyingine upande wa Unyamwezi, nyingine Ukaguru na penginepo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika vivyo hivyo katika historia ya Wagogo aliyoitoa kwa Kiswahili mwaka 1954. Ukoo kwa Kigogo huitwa mbeyu, neno lililo ndugu wa mbegu ya Kiswahili. Mbegu ina sifa moja ambayo damu haina: yaweza kutoka shamba jingine, na ikishaota haiulizwi tena ilitoka ghala gani.

Njaa ilizidisha mambo hayo. Katika nchi ya mvua haba, kila kizazi kiliwaona watu wakihama kwenda penye chakula, na kila kizazi kikawapokea wengine waliokuja kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wasema wahenga. Methali hiyo hutumiwa kumhimiza mgeni afanye kazi, lakini ina maana nyingine iliyo kubwa zaidi. Apewaye jembe hupewa na shamba la kulimia. Apewaye shamba huvuna, avunaye huoa, aoaye huzaa, na watoto wake huitwa kwa jina la wenyeji. Baada ya vizazi vitatu hapana wa kuuliza. Kimya hicho hakikutokana na usahaulifu. Wazee walijua, nao walinyamaza kwa makusudi, kwa kuwa kusema kungemrudisha mgeni katika ugeni wake. Kimya kilikuwa sehemu ya ukarimu, kama vile jembe lilivyokuwa.

Lugha ya Kiswahili ina neno lifaalo kwa kimya cha namna hiyo, nalo ni stara. Stara ni kifuniko anachofunikwa mtu na mwenzake ampendaye, au ajifunikacho mwenyewe ili apate kusimama mbele ya watu. Mtu aliyesitiriwa hakudanganya. Amelindwa.

Ili uzito wa neno hilo uonekane, yafaa kulitazama pamoja na habari za upande wa pili wa bahari, maana historia yenyewe imeufunga upande ule na uwanda wa Ugogo kwa uzi wa pamba. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanya biashara wa mji wa Salem katika Massachusetts, alifika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilileta nguo nyeupe ngumu zilizofumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani, na watu wakaziita merikani, jina lililobaki katika Kiswahili mpaka leo. Merikani ilikuwa fedha ya njia ya bara. Ndiyo iliyolipa hongo, ndiyo iliyonunua mtama na maji, ndiyo iliyonunua pembe, na katika masoko ya njiani ndiyo iliyonunua watu. Pembe zilirudi Marekani, zikakatwa katika viwanda vya Connecticut na kufanywa vibao vya piano. Lakini pamba ya nguo ile ilikuwa imelimwa na kuchumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani na watumwa Waafrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba hiyo, merikani ilipungua Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi yake. Basi mtu aliyechuma pamba Georgia na mtu aliyebadilishwa kwa doti la merikani Ugogo hawakuonana wala hawakusikiana, lakini walifungwa katika bei moja.

Wajukuu wa mtu wa Georgia nao wanatafuta nasaba. Wanaporudi nyuma katika karne ya 19 hukuta ukuta uliojengwa na serikali yenyewe. Katika hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika orodha za peke yao. Jina la bwana liliandikwa, na chini yake ikaandikwa mistari ya watu wake kwa umri, jinsia na rangi. Majina yao hayakuandikwa, isipokuwa mahali pachache sana. Mwanamke wa miaka 30, mweusi. Mtoto wa miaka 4, mweusi. Utumwa ulipokwisha kukomeshwa kwa badiliko la katiba la mwaka 1865, hesabu ya mwaka 1870 ikawa ya kwanza kuwaandika waliokombolewa wote kwa majina yao. Kwa hiyo mjukuu anayefika mwaka 1870 hulazimika kutafuta njia ya pembeni: wasia wa bwana uliogawa watu kama ulivyogawa ng'ombe, hati za mauzo, au madaftari ya idara iliyoundwa mwaka 1865 kwa ajili ya watu walioachwa huru.

Kimya cha orodha zile ni kimya gani? Kwa nje chafanana na kimya cha wazee wa Ugogo, kwa kuwa vyote viwili huacha nafasi tupu mahali pa jina. Kwa ndani vinapingana. Mwandishi wa orodha ya mwaka 1850 aliliacha jina ili mtu asiwe na jamaa mbele ya sheria: asiwe mke wa mtu, asiwe mama wa mtu, aweze kuuzwa peke yake. Mzee wa Ugogo aliliacha jina ili mtu awe na jamaa: awe mke, awe mama, asiuzwe tena. Kimya cha kwanza kilikata ujamaa, cha pili kiliushona. Kwa sababu hiyo mjukuu wa Georgia anayeupasua ukuta wa mwaka 1870 anatenda haki iliyocheleweshwa, hali mtu wa Ugogo anayepasua kimya cha wazee wake yawezekana anachana nguo iliyomsitiri mtu. Haifai kuchukua ushujaa wa mmoja na kuufanya kuwa wajibu wa mwingine.

Kama mambo yangeishia hapo, somo lingekuwa jepesi: wazee walinyamaza kwa wema, basi na wanyamaziwe. Lakini hayaishii hapo, na msomi mwaminifu hana ruhusa ya kuacha njiani hoja inayomsumbua. Si kila kimya cha uwandani kilikuwa stara.

Na afikiriwe kijana wa leo, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Mvumi, anayeandika nasaba ya mama wa babu yake. Kila mzee amwambia kuwa bibi huyo alikuwa mke wa fulani, mama wa watoto watano, mwenye mikono ya baraka katika kupika na kulima. Kijana auliza swali moja ambalo katika Ugogo ni kubwa kuliko hati yoyote: ng'ombe wa mahari yake walikwenda kwa nani? Ndoa ya Kigogo ilihesabiwa kwa ng'ombe. Ng'ombe hao waligawanywa kwa jamaa za baba na jamaa za mama wa binti, na kila aliyepokea alikuwa shahidi na mlinzi wa binti huyo. Mke aliyeonewa alikuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa ng'ombe walioondoka waliweza kudaiwa warudi. Watoto wake walikuwa na mjomba. Wazee wa yule bibi wananyamaza. Hapana boma lililopokea ng'ombe wake. Hapana mjomba anayetajwa. Daftari la ubatizo la misheni, atakapolipata, laonyesha kabila jingine katika mstari wa mmoja wa watoto wake. Sasa kijana amejua. Bibi yule hakuolewa kwa ng'ombe. Alipatikana kwa njia nyingine: kwa nguo ya msafara, au kwa debe la nafaka katika mwaka wa njaa.

Mambo ya namna hii si ya zama za kale zilizopotea. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga masoko ya watumwa ya Unguja, na mwaka 1876 Sultani Barghash alikataza watumwa kuletwa pwani kwa misafara. Lakini sheria iliyokomesha utumwa wenyewe katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Kati ya miaka hiyo ilikuja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosa, kisha homa ya mafua ikapita. Hukadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu kiasi cha 30,000, yaani karibu mmoja katika kila watano. Katika njaa hiyo wapo wazazi waliowaweka binti zao rehani ili waliobaki nyumbani wapate kula. Rehani nyingine hazikukombolewa kamwe. Wazee waliomo duniani leo waliweza kukaa miguuni pa bibi za namna hiyo na kula mikononi mwao.

Je, kimya kilichomzunguka bibi yule kilikuwa stara yake? Ni kweli kwamba kilimlinda asiitwe mtumwa. Lakini kilimlinda na mwingine pia, aliyemtwaa pasipo ng'ombe. Kilimfanya mwenye deni aonekane kuwa mwenye fadhila. Bibi hakuwa na mjomba wa kuwatetea watoto wake, wala hakuwa na boma la kukimbilia, na hapana aliyemwuliza kama alitaka kwao kusahauliwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yawezekana kabisa kwamba kwa miaka 40 aliifunika kamba hiyo kwa nguo, huku watu wakisifu jinsi alivyozoea. Basi nguo ile ile moja yaweza kuwa stara kwa mmoja na maficho kwa mwingine. Stara humfunika aliyetendewa, maficho humfunika aliyetenda. Ugumu wa kazi ya nasaba katika nchi hizi ni kwamba mara nyingi wote wawili wamelala chini ya shuka moja, na asiyeangalia atamfunua asiyestahili kufunuliwa na kumwacha mwingine amejifunika.

Ugumu huo umezidi tangu kalamu ilipoingia. Masimulizi ya mdomo yana huruma, maana yaweza kusema leo na kunyamaza kesho kwa kadiri ya walioketi kuyasikiliza. Maandishi hayana huruma hiyo. Mnyampala alipoziandika koo za Ugogo mwaka 1954, na Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa Dodoma, alipojaza majuzuu saba ya historia za koo na za maisha ya watu kwa Kiswahili, waliyaokoa mambo ambayo yangezikwa pamoja na wazee. Kazi ya Kongola ilistahili kuchunguzwa na wataalamu, na kitabu juu yake, ambacho yeye mwenyewe ni mmoja wa watungaji pamoja na Gregory Maddox, kilitoka mwaka 2006. Lakini kila jina linaloandikwa hugandishwa. Ukoo uliokuwa ukipumua, ukipokea na kupanua mipaka yake, huwa orodha yenye mwanzo na mwisho, na aliyekosa kuandikwa leo ataambiwa kesho kwamba hakuwamo.

Kuna na hatari nyingine, iliyo ndani ya moyo wa mtafutaji mwenyewe. Mwaka 1976 Alex Haley, Mmarekani mweusi, alichapa kitabu kilichoeleza jinsi alivyofuata nasaba yake mpaka kijiji cha Juffure katika Gambia, kwa babu aitwaye Kunta Kinte. Mamilioni walikisoma, na wengi walioona aibu juu ya asili yao waliinua vichwa. Baadaye wanahistoria waliochunguza hati na masimulizi ya kijiji kile walitia shaka viungo kadhaa vya mnyororo wake, na wengine walisema kwamba msimulizi wa Juffure alimpa mgeni habari aliyoitaka mgeni. Mema yaliyotokana na kitabu hicho hayafutiki kwa sababu hiyo. Hata hivyo mfano wake waonya kwamba anayetafuta babu mwenye sifa atampata, kwa kuwa dunia haikosi mtu wa kumpa mgeni ajaye kwa shauku kile anachokitaka. Mtafutaji mwenye kujiamini ni yule aliye tayari kumpata babu asiyemtaka.

Katika Dodoma ya leo mambo haya yamepata bei ya fedha. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie huko. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia kwa ukamilifu, na mwaka 2018 Dodoma ikafanywa jiji. Mashamba ya mtama na malisho ya mbuzi yamekuwa viwanja. Mahali ambapo zamani ukoo ulihitaji watu wa kulima, na kwa hiyo ukawa mwepesi wa kupokea, sasa wagawanyao fidia au urithi huona faida katika kupunguza idadi. Nasaba iliyoandikwa kwa mapenzi ya elimu yaweza kutolewa barazani na kusomwa kwa jicho jingine: huyu babu yake aliletwa, huyu bibi yake hakuwa na kwao, basi watoto wao hawana fungu. Jembe lililotolewa siku ya tatu, miaka 120 iliyopita, lingedaiwa lirudishwe. Hapo elimu ingekuwa imekamilisha kazi ambayo msafara uliianza, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa asili ya kwanza angenyang'anywa na ya pili.

Kutokana na hayo yote zatokea kanuni tatu, nazo si ngumu kuzisema ingawa ni ngumu kuzishika. Ya kwanza ni kwamba mtu ana haki ya kufunua katika nasaba yake mwenyewe, wala hana haki hiyo katika nasaba ya jirani. Mjukuu wa bibi aliyenunuliwa anapolisema jambo hilo kwa kinywa chake, amemrudishia bibi sauti. Mtu wa ukoo mwingine anapolisema, amemnunua mara ya pili.

Ya pili ni kwamba mzigo wa kusema hauko sawa kwa wote. Desturi ya watafuta nasaba ni kuchimba kwa bidii mahali palipo na mtumwa na kupita kwa upole mahali palipo na mnunuzi. Haki yataka kinyume chake. Siri ya aliyenunuliwa yaweza kuwa stara, na wazao wake wakitaka kuitunza hapana wa kuwalaumu. Siri ya mnunuzi ni maficho tangu mwanzo. Kijana wa Mvumi ni mzao wa wote wawili, wa bibi na wa yule aliyemtwaa bila ng'ombe. Na kama atakuwa na nguvu ya kuandika upande mmoja tu, basi na aandike kwamba babu yake alimtwaa mwanamke pasipo mahari, naye akawa mama wa ukoo. Sentensi hiyo haimshushi bibi hata kidogo. Inaeleza ni nani aliyebaki na deni.

Ya tatu ni kwamba nasaba haitafutwi kwa ajili ya kudai. Hutafutwa kwa ajili ya kulipa. Anayegundua kwamba jadi yake alipokewa akiwa mgeni amegundua deni lake kwa wageni wa leo, na anayegundua kwamba jadi yake alinunua amegundua deni jingine, lililo zito zaidi. Wote wawili watarudi kutoka katika utafiti wao wakiwa na wajibu mpya mikononi, hata kama hawakupata kiwanja. Yule arudiye na dai peke yake hakuitafuta asili. Ameitafuta hati ya shamba, akaipa jina la heshima.

Ikiwa methali ile ya wahenga itaendelea kutumiwa, na bila shaka itaendelea, basi yafaa isikilizwe upya. Mwacha asili ni mtumwa: maneno haya hayamhusu binti aliyeachwa mgonjwa njiani, akaamka katika boma la watu asiowajua, akajifunza lugha yao, akawazalia watoto. Yeye hakuacha kitu. Alinyang'anywa, kisha kwa vile vilivyobaki akaanzisha asili ya wengine. Yanamhusu mzao wake ambaye, akiwa ameshiba na kuvikwa, ana jina, shamba na jamaa, alisikia habari za bibi yake akaona haya, akalivuka jina lake haraka ili afike kwa babu mwenye ng'ombe.